Kijivu Arudi Nyumbani Akiwa Kiti

Hapo zamani, na msinibane mniulize ni lini hasa, maana wahusika bado wako kazini, palikuwa na nchi moja yenye akili nyingi sana za biashara. Iliuza nje pamba, ikanunua nje mashati. Iliuza nje magogo, ikanunua nje vijiti vya kuchokonolea meno. Iliuza nje ngozi mbichi, ikanunua nje viatu. Kila mwaka Waziri wa Biashara alisimama akatangaza kwamba meli zilizokuja ni nyingi na meli zilizoondoka ni nyingi, na watu wakapiga makofi. Nani asiyependa meli?

Katika nchi hiyo aliishi mfugaji mmoja, Mzee Chilongani, na dume lake la ng'ombe aliloliita Kijivu. Ukoo wa mzee huyu ulikuwa na chapa yake, duara lenye mkia, kubwa kama sahani ya wali, nao waliichoma pajani. Bwana mifugo alikuja mara tatu kuwasihi. "Wazee wangu, chomeni shavuni, au chini ya goti. Pajani ndipo penye ngozi nzuri, mnaiharibu." Mara tatu walimkaribisha maziwa, mara tatu wakamwitikia ndiyo, na mara tatu alipoondoka wakachoma pajani.

"Ng'ombe akiswagwa na mwizi," alisema Mzee Chilongani, "wewe unayemfukuza nyuma unaona shavu, au unaona paja?"

Kijivu akazeeka, akachinjwa. Aliyeitwa kumchuna ni Bi Nyamizi, fundi wa ngozi wa kijiji hicho. Kisu chake hakikuwahi kutoboa ngozi hata siku moja. Alikuwa na mashimo kumi na mawili kando ya mto, akilowekea humo ngozi kwa magome ya miti mpaka zilainike, kisha akashona viatu vya shule na viti. Lakini mashimo hayakuwa na paa. Masika yaliyopita mto ulipanda, tope likajaa humo, kazi ya miezi minne ikaoza. Akaapa kwamba yakiharibika tena, kazi ya ngozi basi, atakaanga maandazi.

"Baba, nikate hapa penye chapa?" alimwuliza mzee. "Pamekakamaa, patashusha bei."

"Ukikata chapa umekata jina la babu yangu."

Basi akaiacha ngozi nzima. Mashimo yalikuwa bado na tope, hana pa kuilowekea. Akamlipa mzee chake, akaitia chumvi, akamuuzia Bwana Kisanga, msafirishaji wa ngozi nje ya nchi. Kisanga aliitazama ile chapa, akapiga mluzi wa msiba. "Daraja la nne, mama. Chapa hii imeniua." Bei ya daraja la nne mnaijua, ni kama kupewa pole.

Ngozi ikapanda meli. Huko ng'ambo fundi wa viti akaikunjua, akaona duara lenye mkia, akaruka kwa furaha. Akatengeneza kiti kikubwa cha mkuu, chapa akaiweka juu kwenye mgongo wa kiti, pale pa kuegemeza kichwa, akabandika karatasi: alama ya asili, haipatikani popote. Daraja la nne lilivuka bahari likawa daraja la kwanza. Hewa ya bahari ni dawa, jamani.

Na aliyekinunua ni nani? Ni Wizara ya Biashara ya nchi ileile. Mkurugenzi wake wa manunuzi, Bwana Sembuche, aliagiza kiti hicho kimoja cha mkuu na vingine tisini na tisa vya kawaida. Msiseme hakutafuta nyumbani. Bi Nyamizi alikuwa amempelekea kiti cha mfano, akikibeba kichwani kutoka kituo cha basi. Sembuche alikikalia, akaegemea, akafumba macho kwa raha.

"Kizuri mno. Kimetoka nchi gani?"

"Hapa hapa, Mheshimiwa."

"Ahaa," alisema Sembuche, akainuka.

Kiti cha mkuu kikafika kwanza. Wiki hiyohiyo Rais akatoa amri: mkubwa yeyote atakayenunua bidhaa ya nje ilhali ya nyumbani ipo, aifuate hiyo ya nyumbani hukohuko nyumbani, na asirudi ofisini. Sembuche akaanza kutoka jasho kwenye kiyoyozi.

Mungu si Athumani, siku hiyo Mzee Chilongani alikuja wizarani na wenzake kulalamikia bei ya ngozi. Kuingia tu ofisini kwa Waziri, akaona chapa nyuma ya kichwa cha Waziri.

"Kijivu!" akapiga kelele. "Huyu ni Kijivu wangu!"

"Mzee," Sembuche alimshika mkono kwa mapenzi makubwa, "unakifahamu kiti hiki?"

"Tangu ni ndama."

Sembuche nusura ambusu. "Mheshimiwa Waziri, umesikia mwenyewe! Hii ni bidhaa ya nyumbani!"

Waziri akafurahi, akaita waandishi wa habari. Akatangaza kwamba aliyeipatia wizara kiti hiki cha nyumbani atapewa ghala la zamani la pamba, lililo mwinukoni, juu ya mto uleule wa Bi Nyamizi, lenye paa zima, akalitumie bure miaka kumi. Ghala lilikuwa tupu, maana pamba ilishauzwa nje kabla haijalifikia. Bi Nyamizi alisikia habari hizo redioni, akaweka kisu chini, akapanda basi la kwanza. Ndani ya lile ghala angeweza kuchimba upya mashimo yake yote kumi na mawili.

Wakakutana mbele ya Waziri watu wanne. Yule fundi wa ng'ambo hakuja. Alishalipwa, hakuwa na haja ya kubishana.

Mzee Chilongani akasema: "Mimi ndiye niliyemlea Kijivu, miaka tisa, jua na mvua. Nilikatazwa kuchoma pajani, nikachoma. Niliombwa chapa ikatwe, nikakataa. Bila ubishi wangu, Mheshimiwa, leo umekalia kiti tu kama viti vingine. Nina ndama hawana pa kulala. Ghala ni langu."

Bwana Kisanga akasema: "Ng'ombe kila mtu anaye. Kisu kila kijiji kinacho. Nani aliyejaza fomu kumi na nne? Ngozi nisingeitoa, ingerudije? Ghala ni langu."

Bwana Sembuche akasema: "Kutoa, kila mtu anatoa. Nchi nzima hii kazi yetu ni kutoa. Mimi ndiye niliyemrudisha! Bila mimi Kijivu angekuwa bado anateseka ugenini. Ghala ni langu."

Bi Nyamizi akasema: "Kigeuzeni hicho kiti, mtafute tundu la kisu. Hamtaliona. Ngozi yenye tundu asingeitaka mtu, hata ingekuwa na chapa mia. Kiti kama hicho nilikileta hapa kichwani, mkurugenzi akakikalia. Na mimi sitaki sifa, nataka paa. Masika yanaanza Jumatatu. Maji yakiingia tena naacha, na nikiacha, fundi mwingine kule hayupo. Ghala ni langu."

"Lakini, mwanangu," Mzee Chilongani alimwambia taratibu, "ungeachiwa, ile chapa ungeikata."

"Ningeikata, baba," alisema Bi Nyamizi. "Siwezi kudanganya."

Kisanga naye akadakia: "Na ngozi aliniuzia kwa hiari yake!"

"Niliuza. Mashimo yalikuwa na tope."

Waziri akaegemea, kichwa chake kikatulia juu ya chapa. Akasema jambo hili ni zito, linahitaji kufikiriwa bila haraka. Hapo karani akaingia. Vile viti tisini na tisa vimefika bandarini, na vinatakiwa viwekwe mahali pakavu.

"Pakavu?" alisema Waziri. "Tuna ghala. Viwekwe humo kwa muda."

Mvua haikungoja Jumatatu, ilianza Jumapili. Viti vilikaa pakavu kabisa, vimefunikwa nailoni, kila kimoja na karatasi yake. Bi Nyamizi alisimama upenuni mwa ghala akijikinga, akitazama mto ukipanda, akihesabu mashimo yake. Wengine mnacheka, mimi nikifika hapa roho inaniuma.

Waziri bado anafikiri. Kiti ni kizuri, hana sababu ya kuinuka. Lakini ninyi mmekaa chini, na chini panaumiza, labda mtafikiri upesi. Yupo aliyemlea Kijivu, yupo aliyemchuna, yupo aliyemtoa, yupo aliyemrudisha. Maji yameshaingia shimo la kumi na moja. Semeni basi, nani alistahili lile ghala?