Fisi Alivyotaka Kuitwa Lodi

Mwaka ule mvua iliwasahau kabisa wanyama wa Bonde la Mikwaju. Mto ukabaki mchanga mtupu. Kila mmoja akaleta mtama aliokuwa nao, Bi Ngiri akausaga, akaoka mikate, akaikausha juani na kuipanga pangoni, igawanywe kila jioni mpaka mvua irudi. Ikiisha kabla ya hapo, ndiyo basi tena. Kilichobaki ni kumpata wa kulinda mlango.

Fisi aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote duniani. Shida yake ni kwamba kila mtu alimjua.

"Wewe Fisi? Ulinde mkate?" Sungura alicheka mpaka akashika mbavu. "Si bora tuutie tumboni mwako sasa hivi, tukupunguzie usumbufu?"

Hapo Fisi akakumbuka neno. Alilisikia kwa Kasuku, ambaye zamani alifugwa kwenye baraza ya Mwingereza na akatoka huko na maneno mengi kuliko manyoya.

"Mlinzi wa kawaida huiba kwa sababu hana heshima ya kupoteza," alisema Fisi akiinua shingo. "Nipeni cheo. Niiteni Lodi, kama wanavyoitwa wakubwa wa Kiingereza. Lodi haibi. Hata akitaka, hawezi!"

Simba, mfalme wao, alipenda makuu. Kuwa na Lodi chini yake kulimkuna moyo. "Kuanzia leo, Lodi Fisi," akanguruma.

"Lakini Mfalme..."

"Nimeshasema, Sungura."

Sungura akamgeukia Kasuku. "Ami, hilo neno huko lilikotoka lina maana gani?"

Kasuku alifurahi, maana siku hizi hakuna aliyemuuliza kitu. "Asili yake ni mlinzi wa mkate. Zamani za kale mkuu wa nyumba ndiye aliyeutunza mkate, na watumishi wake wakaitwa walaji wa mkate. Miaka ikapita, neno likafupika, mkate wakausahau, ukabaki ukubwa."

"Ahaa! Kumbe kuna mlinzi na kuna walaji." Sungura akainama kwa adabu zote. "Shikamoo, Lodi. Na wewe jioni utapanga foleni na sisi walaji?"

Fisi akapiga hesabu upesi. Akipanga foleni, atapata kipande kimoja na cheo kitaingia doa. Asipopanga, wenzake wakishaondoka pango zima ni lake.

"Mimi nipange foleni?" akafoka. "Mkate huu sitautia mdomoni hata chembe mpaka mvua inyeshe, wala mlangoni hapa sibanduki. Mfalme ni shahidi yangu!"

Wakampigia makofi. Bi Ngiri alifuta machozi, akasema kumbe alikuwa anamdhania vibaya.

Basi kila jioni walaji walipanga foleni, Bi Ngiri akawagawia mikate ya siku ile kutoka kapuni, na Lodi akasimama mlangoni ameweka mikono nyuma.

"Karibu Lodi, japo makombo," Bi Ngiri alimwambia.

"Ahsante, mama. Mimi mlinzi."

Walipogeuza mgongo tu, Lodi aliingia ndani akala mpaka masikio yakacheza. Alikuwa na raha, usiseme. Mikate ilipopungua na kapu la jioni likawa halijai, akawasingizia mchwa.

Jioni moja watoto wa Bi Ngiri walifika mbele ya foleni wakakuta kapu tupu. Mama yao alilia mbele ya watu wote. "Wanangu watalala na nini?"

"Mchwa hawa, mama," alisema Fisi kwa huzuni. "Wana roho mbaya sana."

Sungura hakubishana. Alimwomba tu Mfalme wote wasimame mstari mmoja, Lodi katikati. Wakasimama. Swala mbavu nje. Bi Ngiri ngozi inaning'inia. Simba mwenyewe manyoya yalimpwaya kama koti la kuazima. Na katikati yao Lodi, aliyeapa hatakula wala hatabanduka, ananawiri, tumbo linagusa majani makavu.

Kila mtu alilitazama lile tumbo.

"Huu... huu ni unene wa heshima," Fisi alisema.

Mfalme alishikwa na aibu, kwa kuwa cheo alikitoa yeye. Alinguruma mpaka Fisi akajitupa chini.

"Chukueni ulodi wenu!" Fisi akalia. "Siutaki! Mimi ni mlaji kama nyinyi. Nipeni nafasi kwenye foleni, nipeni kipande changu!"

"Foleni utapanga," alisema Simba. "Ila kipande chako ulishakila. Cha leo, cha kesho, na cha mpaka mvua inyeshe."

Kisha Mfalme akatoa sehemu yake akawagawia watoto wa Bi Ngiri, akaenda kukaa mlangoni yeye mwenyewe. Mkate uliobaki ungetosha kwa kubanabana.

Kesho yake Fisi alipanga foleni. Alisogea taratibu, akimeza mate, mpaka akafika mbele. Bi Ngiri alimtazama usoni, akafunika kapu.