Mifupa Iliyotupwa

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, habari ilimfikia Namnyaki kwa kinywa cha Bupe, mfuga perege, kwamba samaki wake wameacha kufa.

Walikuwa watatu katika chuo kikuu kilicho chini ya mlima, wote wakisomea shahada ya uzamivu. Maji ya huko yana floridi, madini yanayotia meno kahawia na kupinda miguu ya watoto. Namnyaki aliyanywa utotoni, ndiyo maana akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Alisomea kemia, na kazi yake ilikuwa kuchoma mifupa ya ng'ombe ili ichuje floridi. Elirehema alisomea uhandisi, naye ndiye aliyejenga tanuri. Bupe alisomea viumbe vya majini, na vifaranga vyake vya perege vilikuwa vikifa kila wiki.

Tanuri likapata ufa. Namnyaki akamwomba Elirehema auzibe. Elirehema akasema ataziba, asizibe. Mifupa ikatoka ya kijivu, si myeusi kama ilivyotakiwa, na Namnyaki akaitupa nyuma ya maabara. Bupe akaiokota, akaitia kwenye tangi ili vifaranga vipate pa kujificha.

Vifaranga vikaishi.

"Dada," Bupe akamwambia, "takataka zako zimenilelea watoto."

Namnyaki akapima maji ya tangi. Akapima tena. Floridi ilikuwa imeshuka kuliko alivyowahi kuiona. Akacheka, akasahau kuziba mdomo.

Furaha ile ikazaa ugomvi. Sheria ya chuo ni kwamba tokeo moja haliingii katika tasnifu mbili, na muda wa masomo wa wote watatu ulikuwa ukingoni. Asiye na tokeo angerudi kwao bila shahada. Profesa Mshumbusi, msimamizi wao, akawapa karatasi, akawaambia asubuhi aikute mezani kwake ikiwa na jina moja.

Elirehema akasema, "Ni langu. Ufa ni wangu. Ningeuziba, mngegundua nini?"

Bupe akasema, "Ni langu. Wewe ulizembea, mwenzako akatupa. Aliyeinama kuokota ni mimi."

Namnyaki akasema kwa sauti ndogo, ila hakushusha macho, "Ni langu. Swali niliuliza mimi, mifupa nilichoma mimi. Bila kipimo changu, hayo ni maji ya samaki tu."

"Na bila samaki," Bupe akamjibu, "ungepima nini, dada?"

Wakaachana bila kuandika.

Asubuhi yake Namnyaki alifika wa kwanza. Aliiweka karatasi mezani kwa Profesa ikiwa tupu, akaenda kwenye tanuri. Akapanga mifupa mipya. Akaupapasa ufa, asiuzibe. Akawasha moto, maana jambo lililotokea mara moja halijawa tokeo la mtu yeyote. Wenzake wakamkuta hapo. Hawakusalimiana. Elirehema akaongeza kuni, Bupe akaenda kuteka maji.

Jioni mifupa ikitoka ya kijivu, jina halina budi kuandikwa. Haya, ninyi mliosikiliza: liandikwe la aliyeacha ufa, la aliyeokota, au la aliyetupa kisha akapima?