Wakalimani Kumi na Bao la Mghoi

Kitendawili! Semeni "tega" basi, msinikodolee macho tu. Wakalimani kumi chumba kimoja, mgeni kasema neno moja, hakuna aliyemwelewa. Hamjui? Nipeni mji. Haya, mmenipa Voi, nimekwenda, nimekula, nimerudi. Jibu ni kompyuta ya baba yenu mdogo Mwadime!

Huko ndiko ilikotoka methali mliyoisikia asubuhi mkaniuliza nani kaitunga: Toa mmoja utazame, ukitoa wote utalia. Methali hii ilianza hivi.

Mwaka mmoja wasichana wetu wa hapa Wundanyi walicheza fainali. Dakika ya mwisho Mghoi, binti wa Mwadime, alipiga mpira ukagonga mwamba wa goli, ukadunda chini, kipa akaudaka. Sisi tukashangilia bao. Wenzetu wakaapa kwamba mpira haukuvuka mstari. Refa hakuweza kuamua, akaiachia kamati ya mashindano. Bao likikubaliwa, wasichana wanakwenda kucheza Mombasa kwa mara ya kwanza. Likikataliwa, basi, ni nyumbani. Bahati nzuri mwalimu wao alikuwa amerekodi mechi yote. Kesho yake, saa nane mchana, mwenyekiti wa kamati, Mzee Mwakio, akaja kwa Mwadime, penye kompyuta, kuitazama video hiyo.

"Nina swali moja tu," akasema. "Uliingia au haukuingia? Saa kumi napeleka jina la mshindi."

Mwadime akaifungua video. Lo! Picha ya kijani, watu miguu juu vichwa chini, inakwama kila hatua mbili. Sauti tu ndiyo safi.

"Mpira nausikia, siuoni," akasema Mzee Mwakio. "Hii video yenu imelewa?"

Sasa sikilizeni. Ndani ya kompyuta kuna vijiprogramu vinavyoifasiri video ili ionekane. Mafundi huviita kodeki. Mimi naviita wakalimani. Mwadime hajui kumkataa mtu. Kila jirani aliyemletea filamu alikuja na mkalimani wake, naye akawakaribisha wote. Wakafika kumi, kila mmoja anamkata mwenzake kauli.

Mwadime akanyoosha mkono kwenye kibodi. "Nawafuta wote sasa hivi!"

Mkewe, Wakesho, akamdaka mkono. "Baba Mghoi, watu wakigombana sebuleni, utamfukuza hata mwenye nyumba? Mmoja wao alikuja na mashine. Ukimtoa huyo, hatutaona mpira wala uwanja."

"Muda, mama! Muda!"

"Muda upo. Ondoka kwenye kiti."

Nami nilikuwa nimeketi pale pembeni, wajukuu wangu, nikacheka. Wakesho akaketi. Kwanza akainakili video kwenye flashi, isije ikapotea. Kisha akaiagiza mashine ikumbuke hali yake ya saa ile, ili mambo yakiharibika irudi papo hapo. Ndipo akafungua orodha ya programu, akasema, "Aliyeingia mwisho atoke kwanza."

Akamtoa mmoja. Akaizima mashine, akaiwasha. Bado kijani.

Akamtoa wa pili. Mashine ikauliza: faili hili linatumiwa pia na programu nyingine, lifutwe?

"Ndiyo, ndiyo!" Mwadime akapiga kelele.

"Hapana," akasema Wakesho, akabonyeza hapana. "Huwezi kuvunja ukuta unaomshikilia jirani." Akazima, akawasha. Haa! Watu wamesimama kwa miguu yao! Lakini bado ni wa kijani, kama mapapai mabichi.

Saa kumi kasorobo. Mzee Mwakio akanyanyua kofia yake aondoke. Mghoi, aliyesimama mlangoni akitafuna ukosi wa jezi, akasema, "Babu, nakuomba, mmoja tu tena."

Akatoka wa tatu. Mashine ikazimwa, ikawashwa. Ikawaka taratibu, ee Mungu, taratibu mno! Mara uwanja huo, nyasi ni nyasi na mistari ni myeupe, Mghoi huyo anakimbia! Nilirusha leso juu. Wakesho akaisimamisha picha pale mpira ulipodunda, akamgeukia mumewe.

"Umeona, Baba Mghoi? Toa mmoja utazame, ukitoa wote utalia."

Mzee Mwakio akavaa miwani. Akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena. Kisha akamtazama Mghoi.

"Uliingia," akasema. "Tena shibiri nzima!"