Moto Uliozimwa Siku ya Lusia

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo anaitikia huku anasinzia? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Zamani, zamani za kale, juu ya mlima wenye baridi na ukungu, palikuwa na kijiji cha Walutheri. Hapo aliishi Bibi Tusekile. Ndiye aliyewafundisha watu kuikumbuka siku ya Mtakatifu Lusia nyumbani, kabla hakujapambazuka. Walutheri hawamwombi mtakatifu, lakini kumkumbuka wanamkumbuka, tena kwa maandazi.

Desturi ilikuwa hivi. Usiku wa kuamkia siku hiyo kila nyumba ilizima moto. Zii! Watu wakalala na baridi yao. Alfajiri binti wa nyumba ya Bibi alivaa nguo nyeupe, akavikwa taji la mishumaa ya nta, akaitwa Lusia siku hiyo, akapita mlango kwa mlango akiimba. Kila jiko liliwashwa kwa mishumaa yake. Kabla yake, hata kijinga cha moto kisionekane. Sheria hiyo aliiweka Bibi mwenyewe, na alikuwa mkali, jamani, mkali kama pilipili.

Mwaka mmoja Ambindwile, mwana wa pekee wa Bibi, alishuka bondeni kutafuta unga wa ngano wa maandazi. Akasema, "Mama, jioni nitakuwa hapa." Jioni ikafika, yeye hakufika. Ukungu ukapanda, ukapanda, ukafunika mlima wote. Na njia ya kurudi ilipita ukingoni mwa korongo.

Watu wakazima moto kama kawaida. Zii!

Alfajiri Bibi akaanza kumvika taji mjukuu wake Atupele, binti wa Ambindwile. Macho yake yalikuwa mlangoni, mishumaa ikawa inaanguka.

"Bibi, baba amefika?"

"Bado, mjukuu wangu."

"Sasa ataionaje njia?"

"Ataona mioto ya..." Bibi akafungua mlango akatazama kijiji. Hakukiona. Palikuwa na giza tu.

Paa! Akatoka mbio, miguu mitupu. Ngo! Ngo! Ngo! "Washeni moto! Washeni!"

Mzee Mwakalobo, mzee wa kanisa, akachungulia mlangoni. "Bibi, Lusia hajapita. Si sheria yako mwenyewe?"

"Ni yangu. Washa!"

"Utatuharibia siku."

"Mtakatifu Lusia aliwapelekea chakula Wakristo waliojificha gizani. Mishumaa aliiweka kichwani ili mikono ibebe mikate. Sisi tumezima moto ili taji letu lipendeze! Washa, baba, mwanangu yuko nje!"

Mzee akawasha. Puu! Jirani naye, puu! Moto ukawaka huku na huku. Atupele akasimama uwanjani, akageuzia uso upande wa korongo, akaimba.

"Amka, amka, mwanga waja!"

Kimya.

"Amka, amka, mwanga waja!"

Kimya. Mtoto akaanza kulia, lakini hakuacha kuimba.

"Amka, amka, mwanga waja!"

Ndipo sauti ikatoka ndani ya ukungu, karibu kabisa. "Atupele! Usisogee! Imba tu, mwanangu, imba!"

Ambindwile akaja akitambaa, magoti yamechubuka. Akasema, "Nimekaa hapo ukingoni muda mrefu. Miguu iliniambia nimefika nyumbani, lakini sikuona moto hata mmoja. Nikajua nimepotea. Nikageuka nirudi, fimbo yangu ikakosa ardhi, nikakaa papo hapo."

Watu wakamshangilia Bibi. Yeye alimshika mwanawe sikio, lijitu lizima lenye ndevu, akalia kwa sauti mbele ya mzee wa kanisa.

Tangu siku ile, pale kijijini, Lusia hupita katikati ya mioto inayowaka, na hapungukiwi kitu. Nanyi wanangu, mkiwa na sikukuu yenu nzuri, kabla hamjafunga mlango ulizaneni: nani bado yuko nje?

Hadithi yangu imekomea hapo, na sauti yangu nayo.