Fundi Aliyekataa Kuketi

"Mwenye haraka mpe kiti." Mmeisikia leo pale mapokezi, nanyi waajiriwa wapya mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Mimi ndiye mkongwe wa tawi hili la benki, na siku methali hii ilipozaliwa nilikuwapo. Chanzo chake ni hiki.

Enzi hizo mafunzo ya usalama wa mtandao yalikuwa ya kusinzia. Tulisomewa makatazo, tukapiga miayo, tukarudi kazini kupeana maneno ya siri kama majirani wanavyopeana chumvi. Ndipo akaletwa mkufunzi mmoja, binti mcheshi aitwaye Sekela. Yeye hakutusomea kitu, alituchezea michezo. Leo anapiga simu akijifanya mkurugenzi, kesho anamtuma mtu ajifanye mteja aliyefiwa. Ukidanganyika, unawanunulia wenzako maandazi. Ambakisye, karani wa dirishani, alinunua maandazi mpaka mama muuzaji akaanza kumwita mkwe.

Sekela alizoea kutuambia, "Mwizi wa siku hizi havunji mlango. Anakuharakisha umfungulie mwenyewe."

Basi Jumatatu moja, mvua ya hapa Tukuyu inamwagika, akaingia kijana mwenye sare ya mafundi wetu, begi begani, anahema.

"Natoka makao makuu! Mtandao umeingiliwa. Nipe kompyuta yako na neno la siri, upesi, la sivyo akiba za wateja zinapotea!"

Ambakisye akatukonyeza. Safari hii hakuwa tayari kununua maandazi.

"Karibu kiti, kaka. Nampigia mkuu wa mafundi athibitishe."

"Sina muda wa kukaa!"

"Kaa kidogo tu, mwanangu," nikadakia, nikamsogezea kiti kingine. Mwenzetu mmoja akaleta cha tatu. Tulicheka mpaka machozi, na kijana jasho linamtiririka.

Nikampigia Sekela. "Leo umeshindwa, binti! Fundi wako tumemnasa."

Akanijibu, "Mama Atupele, leo sijamtuma mtu."

Nikaweka simu chini. Nilipogeuka, kijana alikwisha kufika mlangoni. Lakini mlinzi wetu, Mzee Lwitiko, alikuwa ameuziba mlango kwa kifua chake kipana, na kiti mkononi.

"Mvua yote hii unakwenda wapi, mjukuu wangu? Keti."

Akaketi, mpaka polisi wakaja. Begini mwake walikuta kifaa cha kunyonya siri za kompyuta zetu zote.

Kesho yake akaja fundi wa kweli kukagua mitambo. Kabla hajafungua kinywa, Ambakisye akamsukumia kiti. Tulidhani atakasirika. Akacheka, akaketi, akaomba chai ya tangawizi, akasubiri hadi tulipomaliza kupiga simu. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba kungoja hakumuumizi mtu mwenye nia njema. Tangu hapo hata mkurugenzi akija huketi, na hanuni.

Kwa hiyo, wanangu, atakayewajia akihema na kuwatisha, awe na sare au awe na cheo, msibishane naye wala msimwogope. Mwenye haraka mpe kiti.