Kwa Nini Hadithi Hubisha Hodi

Mmeniuliza kwa nini mtambaji haanzi hadithi mpaka aite nanyi mwitikie, ilhali mleta habari ya msiba husimama mlangoni akaitamka bila kungoja jibu. Sogeeni. Nitawaeleza kama nilivyoelezwa.

Zamani, katika mji wa Vumbwe uliokuwa kando ya mto, lugha ilikuwa na vazi moja tu. Kila lililosemwa mbele za watu lilisemwa kwa shairi: hadithi, tangazo la arusi, bei ya chumvi, hata kuomba radhi. Msemaji alitoa ubeti, wasikilizaji wakamrudishia kiitikio, ndipo akaendelea. Aliyesema bila vina na mizani alionekana kama mtu aliyetoka barazani uchi, na watoto walimzomea njiani.

Malenga wa mji alikuwa Mwanahanga binti Shee, bibi ambaye, kwa maneno ya watu, aliweza kumkemea mbuzi kwa beti tano asirudie kina. Mwaka mmoja, mpunga ulipoanza kuiva, watoto walipelekwa bondeni kuamia ndege wasiule, kila mmoja juu ya dungu lake, jukwaa la miti. Mjukuu wa Mwanahanga, Zena, alipewa dungu la mwisho, lililokaribia maji kuliko yote.

Asubuhi moja Mwanahanga alikuwa akirudi kutoka mji wa juu alipouona mto umegeuka rangi, umebeba miti mizima na paa la nyumba ya mtu. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, milimani. Vumbwe jua liliwaka, wala hapakuwa na wingu. Miguu yake isingeweza kuyafikia madungu yote. Alikimbilia uani, ambako wanawake walikuwa wakisuka ukili wa mikeka, na ingawa pumzi ilikuwa imemwishia, alisimama wima kama ilivyopasa, akasema:

Mto umekasirika, kingo zake wazivuka,
Mpunga waufunika, mashina yanazamika.

Wanawake wakaangua vigelegele, wakaitikia kwa pamoja:

Ongeza mama, ongeza, utamu watukoleza!

“Leo kaja na moto huyu!” mmoja akasema. Naye Mishi, bintiye Mwanahanga na mamaye Zena, akacheka: “Mama, tafadhali usitufupishie. Ukili bado mrefu.”

Mwanahanga aliona kwamba ubeti wa pili lazima uwe wazi zaidi, umtaje mtoto. Lakini jina la Zena halikukaa katika mizani. Akaligeuza huku, akaligeuza kule, na jasho likimtiririka. Kisha, kwa mazoea ya maisha yake yote, akaliacha, akatia “johari” mahali pake. Wanawake wakadhani ni hadithi ya lulu iliyopotea. Wakaitikia kwa sauti kubwa zaidi.

Alipofumbua kinywa kwa ubeti wa tatu alisikia, nyuma ya kiitikio chao, mngurumo kutoka upande wa bonde. Hapo vina vikamtoka.

“Zena yuko dunguni. Maji yanakuja. Nimeyaona mimi, kwa macho yangu, kwenye kivuko cha juu. Kawatoeni watoto!”

Waliofungua vinywa kuitikia hawakuona pa kuitikia.

“Mama,” Mishi alinong’ona, akimwonea haya mzazi wake, “mbona huna vina?”

“Sina. Kimbia, mwanangu!”

Mishi alimtazama usoni, akautupa ukili, akakimbia. Wote wakamfuata. Waliwateremsha watoto dungu baada ya dungu, maji yakiwa magotini, kisha viunoni. Walipofika mwisho wa bonde, dungu la Zena halikuwapo.

Jioni watu walijaa kwa Mwanahanga wakingoja utenzi wa maombolezo, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa ada. Alitoka mlangoni, akasema: “Zena amefariki. Maji yamemchukua asubuhi hii.” Kisha akanyamaza. Hapana aliyeitikia, na katika kimya kile kila mtu alijua kwamba ni kweli.

Alipomaliza kumlilia, aliwaita watu wa mji. “Ubeti wa pili haukuwa na kazi,” aliwaambia. “Niliutunga kwa kuwa mlikuwa mkiningoja, nami sikutaka kuonekana sina adabu. Kuanzia leo hadithi ibishe hodi, nanyi muikaribishe. Mkikwisha kuikaribisha, mtajua kwamba simba wake hatauma na mafuriko yake hayatalowesha mtu. Habari isibishe.”

Na tangu siku hiyo mtambaji huita nanyi huitikia. Mwenye kitendawili hategi mpaka mkubali kutegewa. Na shairi limebaki na vina vyake, kwa kuwa ni haki yake. Bali mkimwona mtu amesimama mlangoni, ametaja jina, mahali na alichokiona, wala hangoji kuitikiwa, msiupime uzuri wa maneno yake. Inukeni.