Mafiga Ndani ya Usufi

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi."

Bi Semeni aliyasema maneno hayo bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wa kunde. Wajukuu zake walikuwa wamemzunguka barazani wakimenya pamoja naye, na Ramla alikuwa ndio kwanza amalize kumsema mwanafunzi mwenzake aliyesinzia tena darasani.

"Lakini bibi, kazi yake nyumbani ni kumlea mdogo wake tu," Ramla akajitetea. "Mtoto mmoja! Ndiyo achoke hivyo?"

"Nimekwisha kukujibu."

"Usufi si ndio huu wa kwenye mito?" akauliza Jumbe, kaka yake. "Mtoto na usufi vinakutana wapi? Nani alianza kusema hivyo?"

Bi Semeni akaupepeta ungo, maganda makavu yakaruka uani. "Menyeni, mikono isilale. Msemo huu ulizaliwa njiani, mchana kweupe, na ulizaliwa hivi."

Hapo kale, chini ya milima, palikuwa na kijiji kilichoitwa Kwemisufi. Kila nyumba ilikuwa na msufi wake. Kiangazi kilipokolea, maganda yalipasuka juu kule matawini na usufi ukaanza kusafiri. Watu waliamka wakakuta mapaa yamevaa weupe na mbuzi wameota ndevu mpya. Usufi ulipita mlangoni bila hodi, ukakaa begani pa mtu, ukaondoka. Watoto waliukimbiza wakiamini kwamba ni ndoto za usiku zilizochelewa kurudi kwao. Siku hizo hata sauti za watu zilikuwa laini, kana kwamba kijiji kizima kimelazwa juu ya mto wa usufi.

Kiangazi kilikuwa pia msimu wa harusi. Msichana akiposwa, wanawake walikusanyika kwa mama yake kuchambua usufi na kushona mito ya nyumba mpya. Lakini mto wa kwanza haukujazwa na mtu yeyote tu. Ulijazwa na shoga wa mama wa bi harusi, tena kwa usufi wa msufi wake mwenyewe, ili binti akilaza kichwa ugenini, alale juu ya wema wa nyumba mbili. Mto huo usipojazwa, mingine haikuguswa. Na mama akimpa mwanamke mwingine kazi hiyo, alikuwa ametangaza mbele ya watu kwamba ushoga wao umekwisha.

Katika kijiji hicho aliishi Sikudhani, na shoga yake aliitwa Mboni. Walitobolewa masikio siku moja, wakalia pamoja, wakanyamazishwa kwa kipande kimoja cha muwa. Walipoolewa waliazimana chumvi, moto, na maneno ya kuwaambia waume zao. Mwana wa Sikudhani aliposhikwa na homa, Mboni ndiye aliyemkanda. Mume wa Mboni aliponuna, Sikudhani ndiye aliyepita uani akapiga soga mpaka yule bwana akacheka bila kupenda.

Basi Hidaya, binti wa Sikudhani, akaposwa. Siku ya kuanza mito ikafika, mikeka ikatandikwa, wanawake wakaja. Mboni hakuja. Alituma salamu kwamba atakuja kesho. Kesho ikaja peke yake. Wanawake wakakaa, wakala mihogo, wakasimuliana habari walizokwisha kusimuliana, na mto wa kwanza ukabaki mtupu katikati ya mkeka.

Lililomuuma Sikudhani zaidi ni kwamba Mboni hakuwa mgonjwa wala safarini. Kila alasiri walimwona akipita barabara ya mtoni, kanda la usufi kichwani, akimfuata taratibu mavyaa yake, yaani mama mzazi wa mumewe, Bi Mwanatumu. Kikongwe mbele na mkwewe nyuma, kama watu waliomo katika usingizi mmoja. Baadaye, jua likipungua, walirudi vivyo hivyo.

"Shoga yako ana matembezi kuliko mwali wa fungate," akasema Bi Nuru, ambaye ulimi wake haukujua kukaa. "Na usufi wa mwanao, masikini, unapelekwa kuoga mtoni kila siku!"

Wanawake wakacheka. Sikudhani naye akacheka, lakini macho yake yalibaki barabarani. Aliwaza: Mboni ana mzigo gani hasa? Wanawe wamekua. Mume yupo nyumbani, si kama wangu aliye mashamba ya mkonge, anayerudi kama mgeni. Ana mavyaa mmoja tu, mpole, asiyekula hata kata ya uji. Mtu wa kubeba usufi na kupunga upepo, anakosaje nafasi ya kukaa na mimi?

Harusi ilikuwa imekaribia, na watu wa bwana harusi walikuwa wameanza kuuliza kuhusu mito. Alasiri moja Sikudhani akasimama, akajifunga kanga kiunoni.

"Nakwenda kumwambia uso kwa uso," akasema. "Bi Nuru, nawa mikono. Nikirudi, mto utaujaza wewe."

Pale mkekani hakuna aliyecheka tena. Hata Bi Nuru aliiangalia mikono yake kama mikono ya mtu mwingine.

Sikudhani aliwakuta kwenye mteremko wa kwenda kivukoni. Usufi ulikuwa unashuka polepole hewani, na ndani ya weupe ule Bi Mwanatumu alikuwa akitembea huku akiimba wimbo wa kitoto. Mboni alikuwa nyuma yake, mikono yote miwili imelishika kanda.

"Hujambo, mama Salehe," akasema Sikudhani.

Hakumwita shoga. Mboni alilisikia hilo, macho yake yakayumba, lakini hakugeuza kichwa. Shingo yake ilibaki imenyooka. Sikudhani akadhani ni kiburi.

"Sijambo, shoga yangu. Ningekuja. Wallahi leo ningekuja."

"Kila siku ungekuja. Watu wamekaa kwangu mpaka mikeka imechoka. Mwanangu anaolewa, na wewe kazi yako kutembeza usufi!"

"Ngoja tufike kivukoni, nitakueleza."

"Huko kivukoni kuna nini? Lete hilo kanda. Nitamtafuta mwenye nafasi ajaze mto."

"Usiliguse! Sikudhani, nakuomba, usi…"

Sikudhani alikwisha kulivuta. Alilivuta kwa mkono mmoja, kama mtu anavyovuta usufi. Kanda likashuka kwa kishindo, likampinda mkono, likampigisha magoti, likamwangusha kifudifudi vumbini. Mdomo wa kanda ukafumuka. Usufi ukapaa pande zote ukawafunika wote watatu, na kutoka ndani yake likabingirika jiwe jeusi lenye masizi, likasimama mbele ya pua yake. Lilikuwa figa la jikoni.

"Mafiga yangu!" akalia Bi Mwanatumu, akajishika kichwa kama msichana mdogo. "Wameyavunja! Mama atapikia wapi?"

Mboni akapiga magoti. Akaliokota lile figa, akalipangusa kwa upindo wa kanga, akampa kikongwe alishike. "Hili hapa, mama. Ni zima. Na wenzake wamo humu, tia mkono uone." Bi Mwanatumu akatia mkono ndani ya kanda, akapapasa moja, akapapasa lingine. Pumzi ikamrudi polepole.

Sikudhani alikuwa bado chini, usufi umemjaa nyusi. "Mboni," akasema, "nini hiki?"

"Akili imemtoka, shoga. Tangu mvua za vuli. Kila siku jua likipinda anataka kwenda kwa mama yake, ng'ambo ya mto. Huko hakuna hata nguzo sasa. Anayang'oa mafiga jikoni, moto ukiwa umezimika ama haujazimika, kwa sababu kwake yeye mwanamke anayehama huhama na meko yake. Anayafunga ndani ya usufi niliouchuma kwa ajili ya Hidaya, ili yasiumie njiani. Nikimfungia mlango anaupiga mpaka viganja vinatoka damu. Basi namfuata."

"Si uyatoe mawe ubebe usufi mtupu?"

"Nilijaribu. Si umemwona anavyotia mkono? Alipoyakosa alikaa hapo barabarani akamlilia mamaye mpaka sauti ikamkauka. Sikuweza mara ya pili." Mboni akasugua shingo yake. Sasa Sikudhani aliiona vizuri: ilikuwa imevimba, haigeuki. "Nikirudi nianze kupanga meko upya, niwashe, nipike. Mume wangu anasema ugali wangu siku hizi unakuja na nyota."

"Na hukuniambia! Mimi!"

"Ningekuambiaje? Wewe una harusi. Nikuletee kilio mlangoni, juu ya furaha yako?"

"Furaha!" Sikudhani akacheka, na katika kicheko hichohicho machozi yakamtoka. "Hidaya akiondoka, nyumba ile nabaki mimi na jogoo. Kila mto unaoshonwa naona kama unanishonea upweke. Nilikutaka uje ukae nami tu, Mboni. Mto ulikuwa kisingizio."

Mboni akampangusa usufi nyusini. "Nami niliwaza, mwenzangu ana bahati, anaoza binti, watu wamejaa kwake. Nikasema Sikudhani siku hizi hana hata chembe ya kumwelemea."

Wakatazamana, weupe wa usufi vichwani mwao kama vikongwe wawili wa kesho.

Sikudhani akasokota kanga yake akaitengeneza kata, akaiweka kichwani. "Nitwike."

"Sikudhani, utaumia."

"Nitwike, shoga."

Mboni akamtwika. Uzito ule ulishuka shingoni, ukapita mgongoni, ukakaa magotini. Sikudhani aliona njia yote ikibadilika: kokoto alizozoea kuzipita bila kuziona sasa kila moja ilikuwa na jina. Bi Mwanatumu akamsogelea, akamtazama kwa upole mkubwa.

"Wewe ni nani, mwanangu?"

"Ni mimi, mama. Nimekuja kukusindikiza."

"Usiyaangushe. Mama anatungoja."

"Siyaangushi."

Wakaenda hadi kivukoni. Ulikuwa ni wakati wa ukame, mto ulikuwa mwembamba hata kuku angeuvuka. Lakini Bi Mwanatumu alisimama ukingoni akaangalia maji yale machache kwa muda mrefu, usufi ukielea juu yake bila sauti, kisha akatikisa kichwa.

"Mto umejaa," akasema. "Tutavuka kesho."

"Haya, mama," akasema Mboni, kama alivyosema kila siku.

Walirudi kwa zamu, kanda likihama kutoka kichwa hadi kichwa. Walipofika kwa Sikudhani, wanawake walikuwa bado mkekani wakingoja kuona ushoga ukizikwa. Bi Nuru alikuwa na mikono misafi.

"Ala! Mama wa bi harusi naye kaingia kwenye matembezi?" akasema. "Mbona unatokwa jasho hivyo, mwenzetu? Usufi nao unakushinda?"

Sikudhani akamsogelea. "Hebu nipokee, Bi Nuru, nipumue kidogo."

Bi Nuru akanyoosha mkono mmoja kwa madaha. Mara akapiga yowe, akakaa chini bila kukusudia, kanda mapajani, miguu imenyooka mbele. Wanawake wakacheka mpaka wengine wakalala. Lakini walipotia mikono ndani ya usufi wakayagusa mawe, na wakamwona Bi Mwanatumu akija mbio kuyahesabu, kicheko kikapungua, kikaisha.

"Nilikuwa hapahapa na ninyi nikimcheka," Sikudhani akawaambia. "Jamani, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiutazama, unaruka. Ukitwikwa, unakukalisha."

Kuanzia kesho yake mikeka ilihamishiwa uani kwa Mboni. Mto wa kwanza wa Hidaya ulijazwa huko, kwa usufi wenye masizi kidogo ambayo hayakuchambulika, na jua lilipopinda kila mara mwanamke mmoja aliinuka akajitengenezea kata. Siku moja alikuwa jirani, siku nyingine Hidaya mwenyewe kabla hajaondoka, na Bi Nuru hakuikosa zamu yake, ila hakuacha kunung'unika njia nzima. Harusi ilipopita na nyumba ya Sikudhani ikawa kimya kama alivyoogopa, Mboni alimpeleka mavyaa yake huko kila asubuhi, na vikombe vya uji vikawa vitatu. Bi Mwanatumu hakupona. Aliendelea kwenda kwa mama yake hadi kiangazi kingine, na mto uliendelea kujaa kwa ajili yake. Lakini shingo ya Mboni iligeuka tena.

Bi Semeni akauweka ungo chini. Maganda ya kunde yalikuwa yamelundikana miguuni pake.

"Bibi," akauliza Jumbe, "hakuna aliyemwambia kwamba mto haukujaa?"

"Ya nini? Waliomfuata walikuwa hawaendi mtoni. Walikuwa wanakwenda naye."

Ramla alikuwa ameshika ganda moja muda mrefu bila kulimenya. "Huyo mwenzangu," akasema taratibu, "sijawahi hata kuuliza mdogo wake ana nini."

"Watu wengi huutumia msemo huu kukemea," akasema Bi Semeni. "Kwemisufi waliutumia vingine. Mtu akiona mwenzake anatembea polepole na kitu kinachoonekana si kitu, aliyasema maneno hayo kwanza moyoni mwake, halafu akavua kanga yake akaisokota kata. Na hapo ndipo msemo ulipotoka, mwanangu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi."